Joho la Siku Tatu

Mama mkwe alipiga simu mara tatu kwa siku moja, na mara zote aliuliza jambo lilelile: mbuzi achinjwe lini? Mke wangu akamwambia asubiri kidogo, kwanza tujue nani anapanda basi. Yeye ni muuguzi, na wiki ile zamu za usiku zilimwangukia zote; aliomba kubadilishana na wenzake, kila mmoja akawa na lake. Watoto walikuwa kwenye mitihani. Nikabaki mimi.

"Basi mbuzi anamsubiri mkwe," mama mkwe akasema, akakata simu.

Sina budi kueleza habari ya huyo mbuzi. Mimi ni Mdigo wa Tanga, Mwislamu. Wakwe zangu ni Wachaga wa Old Moshi, Walutheri tangu enzi za mababu. Nyumba zilizochanganya namna hii zimejaa Tanzania, nazo zina desturi isiyoandikwa popote: mnyama wa shughuli huchinjwa na Mwislamu, ili kila mgeni ale bila kuulizauliza. Kwa hiyo nilisafiri na vyeo viwili, mwakilishi wa binti yao na mchinjaji.

Shughuli yenyewe ilikuwa mahafali. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa anatunukiwa shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara katika Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Kazi yake ni uhasibu katika chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, hukohuko mlimani. Ada aliipata kwa mkopo wa SACCOS na kwa kujibana, na muhula mmoja ulipokwama mama yake akauza mtamba mwenye mimba. Mke wangu naye alichangia, nami nikachangia kwa kukaa kimya akichangia. Shahada ile ilikuwa na wanahisa wengi, na mwanahisa huhudhuria mkutano mkuu. Nikafunga begi: kanzu, vitenge viwili, korosho kilo mbili, na nazi kumi ambazo mke wangu aliapa kwamba hazipatikani nzuri kama zile sokoni Moshi.

Basi letu liliondoka stendi ya Magufuli pale Mbezi saa kumi na mbili asubuhi. Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 550, na basi la abiria haliruhusiwi kuzidi mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo ni safari ya mchana kutwa. Kibaha ilipita watu wakiwa bado wanasinzia. Chalinze tuliiacha barabara ya Morogoro, tukakata kuelekea kaskazini. Tukavuka Wami kwenye daraja jipya, refu na pana, na mzee mmoja aliyekaa nyuma yangu akaanza kuwasimulia vijana jinsi daraja la zamani lilivyokuwa jembamba hata magari yakisubiriana.

Segera ni mtihani wangu. Hapo barabara hugawanyika, moja Tanga, nyingine Moshi, na kila nikifika moyo hutaka kukata kulia. Marehemu baba yangu alikuwa karani wa kuhesabu magunia katika bandari ya Tanga. Kahawa ya Kilimanjaro ilimfikia kwa treni, kwenye reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga pale Tanga mwaka 1893 ikafika Moshi mwaka 1911. Kina cha bandari hakikuruhusu meli kubwa kusogea gatini, hivyo magunia yalipakiwa kwenye matishari kwanza, yakapelekwa melini. Baba alisimama na karatasi yake akipiga mistari, minne ya wima na mmoja wa kukata. Gunia la kilo sitini, gunia la kilo sitini. Nilijua harufu ya gunia la kahawa miaka mingi kabla sijajua kwamba kahawa ina mti.

Nilimwuliza siku moja kahawa hiyo inatoka kwa nani. Akanijibu, "Inatoka bara." Hakuwa na jibu jingine, na wala hakuwa anafanya mzaha.

Kuanzia Segera hadi Korogwe na kupita, mkonge ulituandama pande zote mbili. Nao una hesabu yake. Mwaka uleule wa 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika salama ilikuwa 62. Mashamba yote yale, ambayo kwa miongo mingi yaliifanya Tanga ijulikane duniani, yalianzia kwenye miche 62. Mwalimu wetu wa shule ya msingi alipenda sana kutukumbusha hilo kila tulipolalamika kwamba somo ni gumu.

Korogwe tulipewa dakika za kula. Mombo, chini ya Milima ya Usambara, vijana waliinua ndoo za mapeasi na plamu za Lushoto hadi usawa wa madirisha. Kisha nchi ikakauka, milima ya Upare ikajipanga upande wa kulia kama wazee barazani, na kabla ya kufika Same tairi la nyuma likapasuka.

Jeki ya basi haikufanya kazi. Tukashuka, tukatafuta kivuli cha mgunga, tukasubiri hadi dereva wa lori akatuazima ya kwake. Jirani yangu wa kiti, mama wa makamo anayeuza mitumba Kiborloni, alitandika kanga chini akanikaribisha pembeni yake.

"Kaka, unaenda msibani au harusini? Maana hizo nazi si za bure."

Nikamwambia naenda kwenye mahafali ya shemeji, uzamili wa biashara.

"Masters ya biashara?" Akacheka mpaka abiria wengine wakageuka. "Mimi niko kwenye biashara mwaka wa ishirini na mbili. Nimefilisika mara mbili, nimesimama mara mbili, nimesomesha wanne. Mimi joho atanivalisha nani?"

"Nitamwuliza shemeji."

"Mwulize pia kama wanafundishwa kudai. Kununua bei ya chini na kuuza bei ya juu kila mtu anajua. Kudai ndiyo elimu. Mtu ni jirani yako, mnasali kanisa moja, amechukua magauni matatu tangu Pasaka. Unaingia kwake unaanzaje?"

Sikuwa na jibu. Tairi likafungwa, lori likapewa jeki yake na shukrani, tukapanda. Mama yule alisinzia hadi Mwanga. Mimi swali lake lilininyima usingizi.

Tulifika Himo jua likiwa limelala, na hapo mlima ukajitoa. Kilimanjaro una tabia ya mwenye nyumba mwenye heshima zake: mchana hujifunika, jioni na alfajiri hutoka kusalimia. Kibo ilikuwa nyeupe yenye wekundu wa machweo, Mawenzi imechongoka pembeni yake. Basi zima likanyamaza kidogo, hata wale wanaouona kila siku. Kisha simu zikaanza kulia, kila mtu akiwaambia wa kwao kwamba amekaribia.

Kutoka mjini Moshi nilipanda Noah ya kwenda Old Moshi, watu wanane kwenye nafasi ya sita, nazi zangu mapajani mwa kijana nisiyemjua. Barabara hupanda kati ya migomba, na kwenye kila kona husikika maji ya mfongo yakishuka kwenye mfereji uliochimbwa na watu ambao majina yao wajukuu bado wanayakumbuka. Mama mkwe alisimama mlangoni na taa ya kuchaji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Pole na safari. Mbuzi yuko nyuma ya nyumba, mwangalie kwanza kama anakufaa."

Nilimwangalia. Alinifaa. Ndipo nikaruhusiwa kuketi.

Usiku ule, kabla ya mahafali, ndipo nilipoyaona mambo ambayo joho la kesho yake lingeyafunika. Jikoni palikuwa na mtori unachemka, na mezani palikuwa na kaunta buku. Yeyote aliyesoma Tanzania analijua daftari hilo, nene, la jalada gumu. La mama mkwe limejaa kahawa. Kila mzigo aliopeleka kwenye chama cha msingi ameuandika: tarehe, kilo, malipo ya awali, malipo ya pili, na kwa misimu michache yenye bahati, malipo ya mwisho. Kurasa za mwanzo ni mwandiko wa marehemu mumewe, uliolala kama majani ya mahindi kwenye upepo. Zinazofuata ni wake, herufi zimesimama wima.

Shemeji aliniambia kwamba ugomvi wao mkubwa ulitokana na daftari hilo. Mama yake alipeleka kilo mia moja za kahawa ya maganda. Siku taarifa ya mauzo iliposomwa mkutanoni, kilo zilizouzwa zilikuwa kama themanini. Mwaka hadi mwaka, kwenye kila mia, ishirini hazionekani. Mama mkwe hakuhitaji mkaguzi. Alijua wezi ni nani na alikuwa tayari kuwataja kwa majina na kwa koo zao. Sasa mwanaye wa kumzaa ameajiriwa kwenye chama hichohicho, kama mhasibu.

"Miezi mitatu hakunisemesha vizuri," shemeji alisema. "Alidhani nami nimeingia kwenye ulaji."

Alichofanya ndicho kilichonifanya nielewe amesomea nini. Alichukua kilo moja ya kahawa ya maganda ya mama yake, akaketi naye barazani, wakaimenya ganda kwa ganda kwa vidole, jioni mbili nzima. Walipomaliza wakaipima kwenye mizani ya dukani kwa jirani. Gramu mia nane na ushee. Maganda yaliyobaki wakayapima nayo. Wezi wa miaka yote hiyo walikuwa ndani ya bakuli, wepesi kama makapi.

Kisha akamchorea njia nyuma ya kaunta buku. Kahawa ikitoka chama cha msingi inakwenda kiwandani kukobolewa, na huko inapoteza ganda, yaani ile sehemu ya tano ya uzito. Inapangwa kwa madaraja: AA, A, B, PB, C na mengine ya chini, na kila daraja lina bei yake, kwa hiyo punje kubwa na punje ndogo za mti mmoja hazirudi na fedha sawa. Inaonjwa. Inapelekwa mnadani hapo Moshi, wanunuzi wanashindana. Kwenye bei ya mnada kunatoka gharama za gunia, usafiri, ukoboaji, ushuru, riba ya fedha iliyokopwa ili mkulima apewe malipo ya awali. Kinachobaki ndicho malipo ya pili.

"Na hapa," shemeji aliweka kidole kwenye mstari wa riba, "hapa mama alikuwa na haki ya kuuliza. Ganda halikuwa wizi. Lakini chama kikichelewa kuuza, riba inakula, na hakuna aliyewahi kusimama mkutanoni akawaeleza. Tulikuwa tunasoma tarakimu haraka kama tangazo la redio."

Mama mkwe alikuwa anakoroga mtori na hakugeuka. "Mwaka huu zinaandikwa ubaoni," alisema. "Nimewaambia mimi."

Niliwaza juu ya baba. Mwisho mmoja wa njia ile alisimama yeye, akihesabu magunia ya kilo sitini bila kujua yametoka kwa nani. Mwisho wa pili alikaa mama huyu, akihesabu kilo bila kujua zinakwenda wapi. Walikuwa watu waaminifu wote wawili, na hesabu zao zilikuwa sahihi zote mbili. Palikuwa na njia ndefu ya vitabu katikati yao ambayo hakuna aliyewaonyesha.

Alfajiri nilifanya kazi yangu. Mbuzi alielekezwa kibla, nikasema bismillahi, na vijana wakamchukua kwenda kumbanika mzima mzima, kwa maana ndafu ndiyo keki ya Wachaga. Nilioga maji ya mfongo ambayo yangeweza kumwamsha maiti, nikavaa kanzu, tukateremka mjini.

Moshi mjini watu bado wanakiita chuo kile kwa jina lake la ujana. Mwambie dereva wa bodaboda Chuo Kikuu cha Ushirika, atafikiri kidogo. Mwambie Ushirika, amekwishawasha pikipiki. Kipo Barabara ya Sokoine, na si kikubwa. Kilianza mwaka 1963 kuwafundisha watumishi wa vyama vya ushirika, mwaka uleule ambao reli iliungwa kati ya Ruvu na Mnyusi na treni ya Dar es Salaam ikaweza kufika Moshi. Mwaka 2004 kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro, na mwaka 2014 kikasimama kwa miguu yake kama chuo kikuu kamili.

Kwamba kipo Moshi na si mji mwingine, sababu yake ni kahawa. Wamisionari Wakatoliki waliipanda Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na Wachaga wakaishika. Walowezi wa Kizungu hawakupenda kuona mwenyeji akilima kahawa ileile, wakadai italeta magonjwa na wizi. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, KNPA, kiongozi wao akiwa Joseph Merinyo, kwa ajili ya kulinda haki yao ya kulima na kupambana na wadudu pamoja. Chama hicho kilielemewa na madeni na tuhuma za hesabu mbovu. Ikatungwa sheria ya ushirika mwaka 1932, na mwaka uliofuata kikazaliwa chama kikuu cha KNCU, ambacho jengo lake lipo hadi leo karibu na mzunguko wenye mnara wa saa. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu nchi nzima. Mwaka 1982 sheria mpya ikavirudisha. Ukizifuata tarehe hizo utaona kwamba chama kikianguka au kikisimama, hesabu hutajwa mapema, mara nyingi kabla ya kahawa yenyewe.

Nje ya geti biashara ilikuwa imechangamka bila shahada. Mashada ya karatasi za kumetameta, maua ya plastiki, fremu za picha, baluni, maji baridi. Mpiga picha wa papo kwa papo alinipiga kabla sijakubali, akaniletea picha yangu imeshachapwa, nikailipa kwa sababu kanzu ilikuwa imenikaa vizuri. Nilimkumbuka mama wa Kiborloni. Huyu kijana anajua kudai.

Tuliketi chini ya mahema. Bendi ikapiga, tukasimama, maandamano ya kitaaluma yakaingia taratibu. Na hapo nikapatwa na mshangao wa mtu wa pwani. Mbele ya msafara alitangulia mbeba siwa. Kwetu siwa ni baragumu la heshima. Ile ya pembe ya ndovu ya Pate na ile ya shaba ya Lamu zina umri wa karne kadhaa, nazo zililia kwenye sherehe za wakubwa. Bunge na vyuo vyetu vimelichukua jina hilo vikaipa fimbo ya mamlaka, fimbo isiyotoa sauti. Nyuma yake maprofesa walivaa majoho. Joho nalo kwetu Tanga ni vazi la bwana harusi, hutupiwa juu ya kanzu siku ya kumfuata mke. Nilikuwa nimepanda mlima kilomita mia tano na kitu ili kukuta maneno ya nyumbani yakipita mbele yangu kwa mwendo wa bendi.

Wa uzamili walikuwa wachache, wamekaa safu za mbele, wengi wao watu wazima wenye mvi za kwanza. Mwanamume mmoja alikuwa na mtoto mchanga aliyepenyezwa kwake na mkewe, akamweka ndani ya joho hadi alipolala. Nyuma yao walijaa vijana wa shahada ya kwanza, wenye makelele yao mazuri. Shemeji nilimtambua kwa pini. Ni mfupi, na usiku alikuwa amepandisha pindo la joho kwa pini za nguo kumi na mbili, si kwa uzi, kwa sababu joho ni la kukodi na lazima lirudi lilivyotoka. Alilichukua Ijumaa, Jumatatu linatakiwa.

Hotuba zilikuwa zile anazozijua kila aliyewahi kukaa chini ya hema la mahafali: mjiajiri, mzingatie maadili, nchi inawategemea. Sizidharau. Hotuba ya mahafali ni kama nasaha za usiku wa harusi. Hakuna anayezisikiliza siku ile, na zinakumbukwa siku ya shida. Kisha wa uzamili wakaitwa wasimame, wakavua kofia. Mkuu wa Chuo akatamka kwa mamlaka aliyonayo kwamba anawatunuku, wakavaa kofia, wakaketi. Majina yakasomwa moja moja. Jambo la miaka miwili na mtamba mmoja lilichukua muda wa mtu kunywa glasi ya maji.

Jina la shemeji liliposomwa, mama mkwe hakupiga kigelegele. Mashangazi walipiga, mimi nilipiga makofi hadi viganja vikawaka. Yeye alifungua mkoba, akatoa kalamu, akaandika kitu nyuma ya kadi ya mwaliko. Nilichungulia. Ilikuwa saa: tano na dakika arobaini.

Nyumbani, kihamba, yaani shamba linalozunguka nyumba, kilikuwa kimejaa watu. Ndafu aliletwa amesimama kwenye sinia, majani mdomoni, akapokelewa kwa nyimbo. Walioruhusiwa mbege walipewa mbege, mimi nikapewa soda na sahani ya machalari ambayo ndizi zake zilikuwa laini kuliko nyama. Baba mdogo alisimama akatoa nasaha ndefu, akamtaja Mungu, marehemu kaka yake, na bei ya kahawa, kwa mpangilio huo.

Nikapata nafasi ya kuuliza swali la mama wa Kiborloni. Shemeji alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Huyo mama ndiye angetufundisha somo la mikopo," alisema. "Sisi tumesoma jinsi ya kupima kama mtu atalipa. Yeye anawajua. Lakini mwulize, shemeji, zile mara mbili alizofilisika, alijua wiki ngapi kabla? Mimi nimesomea hizo wiki. Fedha inakwisha dukani wakati daftari bado linaonyesha faida, kwa sababu faida yote iko kwenye magauni ya majirani. Hilo linaonekana mapema, ukijua pa kutazama."

"Kwa hiyo joho?"

"Joho ni la chuo. Alivae akitaka, lipo hadi Jumatatu."

Alilivua pale pale. Akamvalisha mama yake. Mama mkwe, mrefu kuliko mwanaye, alisimama katikati ya uwanja pini zikimetameta kwenye pindo lililomfika magotini, kofia imekaa juu ya kitambaa cha kichwa, na hakuna aliyecheka. Akasema, "Aika," neno moja tu la shukrani, kisha akaomba kalamu na kaunta buku apigwe navyo picha.

Watu wetu husema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Nimeufikiria msemo huo tangu siku ile, na naona kwa joho hili umekaa mahali pake. Linasitiri siku tatu. Baada ya hapo mhitimu wa biashara hubaki na alichonacho kichwani, na kipimo chake naona ni kimoja: je, mtu wa mwisho huu na mtu wa mwisho ule wa njia wanaweza kuiona katikati yake? Asipowaonyesha, amejifunza lugha ya kuwaficha. Baba yangu alizikwa bila kujua magunia yale ni ya nani. Angefurahi kuambiwa, na haingegharimu chochote.

Jumatatu niliteremka na shemeji kabla ya basi langu. Joho lilikuwa limepigwa pasi, pini zote zimetolewa. Akalirudisha, likakaguliwa, akapewa risiti. Mama mkwe alikuwa ameiagiza hiyo risiti tangu asubuhi, na jioni, basi letu likiwa limeshapita Segera, aliniarifu kwa simu kwamba ameibandika kwenye kaunta buku, chini ya kilo za msimu huu.

Nawe msomaji, kama nyumbani kwenu yuko aliyevaa joho la biashara mwaka huu, mpongeze, mpige picha, mlishe vizuri. Kisha, kabla hujamwuliza kazi atapata wapi, mpe daftari lako alisome.